Nitamtambuaje mtaalamu anayeijua kweli tiba ya OCD hapa Nairobi?

Mhasibu wa Donholm

Wanajukwaa, nawasalimu. OCD ninayoitaja ni ugonjwa wa mawazo yanayorudi bila kutakwa na matendo ambayo mtu hujihisi lazima ayarudie. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, mhasibu katika kampuni ya usafirishaji, na ninaishi peke yangu Donholm. Kwa miaka sita sasa nimekuwa na tabia ambayo hapo mwanzo niliiona kuwa uangalifu wa kawaida: kila nikitoka nyumbani hurudi kuhakikisha kwamba nimefunga mtungi wa gesi na kwamba mlango umeingia komeo. Zamani nilirudi mara moja tu. Mwaka jana nilikuwa nikirudi mara saba au nane, na siku nyingine huwa nimeshapanda matatu hadi Makadara ndipo ninaposhuka, nikavuka barabara na kurudi, kisha nikamdanganya mkubwa wangu kazini kwamba Jogoo Road ilikuwa na msongamano. Nilianza kuupiga mtungi picha kwa simu kila asubuhi ili niwe na ushahidi. Sasa nina picha zaidi ya elfu moja za mtungi mmoja wa kilo sita, na hata hizo hazinitulizi, kwa sababu nikiitazama ya leo ninaanza kujiuliza kama kweli ni ya leo.

Hayo ningeweza kuendelea kuyavumilia. Lililonifanya niandike ni jingine. Dada yangu alijifungua mwezi wa Machi, na tangu siku ya kwanza nilipompakata mtoto, hunijia picha ya kumtupa kutoka roshani ya ghorofa ya nne wanakoishi. Sitaki kufanya hivyo. Nampenda yule mtoto kuliko ninavyoweza kueleza, na wazo lenyewe hunitoa jasho na kunitetemesha mikono. Hata hivyo siwezi kulifukuza, na kadiri ninavyolifukuza ndivyo linavyorudi na nguvu. Nimeacha kwenda kwao kwa visingizio vya kazi, na dada yangu sasa anaamini kwamba nimemchukia.

Si kwamba sijatafuta msaada. Mama, nilipomweleza habari za mlango (za mtoto sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani), alicheka akasema wasiwasi ndio akili. Mchungaji wangu aliniombea na kuniagiza nifunge siku tatu. Nilifunga, na siku ya nne nikarudi mlangoni mara tisa. Kisha nikalipia vikao sita kwa mshauri nasaha mmoja, kila kikao shilingi 3,500. Alikuwa mpole na msikivu. Tulizungumza kwa kina kuhusu marehemu baba, na mwisho wa kila kikao aliniambia kwamba mimi ni mtu mwema na kamwe siwezi kumdhuru mtoto. Nilitoka pale moyo ukiwa mwepesi, lakini ilipofika jioni wepesi ule ulikuwa umekwisha, nami nikampigia simu aniambie tena. Kufikia kikao cha sita nilikuwa nikimwandikia ujumbe mara tano kwa siku, na hali yangu ilikuwa mbaya kuliko siku niliyoanza.

Nimesoma kuhusu OCD na ninaamini kwamba ndiyo hii. Ninachokiomba kwenu si jina la mtu, bali namna ya kumtambua anayeifahamu kazi hii kabla sijalipa pesa nyingine. Je, niende kwa daktari wa akili, kwa mwanasaikolojia, au kwa nani? Nimuulize nini? Na, niseme ukweli, je, nikimweleza mtaalamu habari za roshani hatanipeleka polisi?

Mama wa Wawili

Kaka, pole sana. Mficha uchi hazai, nawe umefanya jambo gumu kuliko unavyodhani. Mimi yalinipata baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Wazo langu lilikuwa la kisu. Nilivikusanya visu vyote vya jikoni nikavifunga kwa gazeti na kumpelekea jirani, nikimwambia kwamba nahofia mtoto mkubwa atajikata, na kwa miezi mitano nyumba yetu ilipikia vitu visivyohitaji kukatwa. Mume wangu alidhani nimechoka kupika.

Kuhusu kumpata mtaalamu, nitakueleza nilivyofanya, kwa sababu nami nilikwisha kupoteza pesa. Nilipata majina tisa, mengine kutoka hospitali nilikojifungulia, mengine kwa marafiki, na nikawapigia wote simu ndani ya wiki moja. Kila mmoja nilimuuliza swali moja tu: mgonjwa wa OCD akikuuliza kama atafanya lile jambo baya analoliogopa, wewe humjibu nini? Saba waliniambia kwamba wangemtuliza na kumpa moyo. Mmoja alinijibu kwa uaminifu kwamba OCD hajaisomea vya kutosha na angenielekeza kwingine, na mpaka leo ninamheshimu kwa hilo. Wa tisa alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba asingemjibu, bali angemsaidia kuishi na swali lisilo na jibu. Nilikasirika. Nilikata simu nikiwaza kwamba mwanamke huyu hana huruma. Nilipolala usiku ule nikaona kwamba ndiye pekee ambaye sikuweza kumtabiri, na asubuhi nikampigia tena.

Tiba yenyewe haikuwa ya kuzungumzia utoto wangu. Tulianza kwa kuandika orodha ya mambo ninayoyaogopa, kuanzia la chini hadi la juu kabisa. La chini lilikuwa kulitamka neno kisu. Wiki ya tatu nilikishika kisu cha siagi mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Wiki ya tisa nilikata sukuma wiki jikoni, mtoto akiwa kwenye mkeka hatua mbili kutoka nilipo, na kazi yangu ilikuwa moja: nisiombe kimoyomoyo, nisihesabu, nisimwite mume wangu aje asimame mlangoni, niendelee kukata tu huku hofu ikipanda na baadaye ikishuka yenyewe. Nililia sana siku ile. Sukuma wiki tuliila.

Vikao vilikuwa 17, kila kimoja shilingi 4,000, na kuanzia cha kumi na mbili tulionana kila baada ya wiki mbili. Dawa sikutumia, na kwa maoni yangu dawa hazihitajiki ukimpata mtu anayefaa.

Msafiri wa Rongai

Ndugu yangu, sina nia ya kukuvunja moyo, lakini naona tunaharakisha kuyapa magonjwa majina. Kazi ya uhasibu ina shinikizo, na kuishi peke yako kunakupa muda mwingi wa kuwaza. Jishughulishe, fanya mazoezi jioni, na wazo baya likija ligeuzie akili kwenye jambo jingine. Mimi hufanya hivyo na hunisaidia.

Mwanasaikolojia wa Ngara

Ninafanya kazi ya saikolojia tiba hapa jijini, na sijitaji jina kwa sababu sitafuti wateja hapa. Naomba nianze na alilosema Msafiri, kwani ndilo shauri ambalo karibu kila mgonjwa wa OCD amekwisha kupewa. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama hujiwa na mawazo ya kuchukiza yasiyoalikwa, yakiwemo ya kudhuru, na takriban asilimia 80 walikiri kwamba huwajia. Mawazo yao yalifanana mno na yale ya wagonjwa. Kwa hiyo Msafiri anasema kweli kwamba kwake mawazo huja na kupita. Tofauti haimo katika wazo bali katika anachofanya mtu baada ya wazo. Mwenye OCD huliona kuwa onyo ambalo lazima alijibu, kwa kukagua, kunawa, kuomba, kuuliza au kukimbia, na kila jibu humpa nafuu ya muda mfupi inayoifundisha akili kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Kuigeuzia akili kwingine, kwa mtu wa namna hii, huwa ni namna nyingine ya kukimbia.

Hapo ndipo vikao vyako sita vilipoharibika, Mhasibu. Lugha yetu inamwita mtu huyo mshauri nasaha, na kwa huzuni ya msiba au ugomvi wa ndoa nasaha ni kitu chema. OCD haisikii nasaha. Kila alipokuambia kwamba wewe ni mwema, alikuwa anakurudisha mlangoni kuangalia komeo, ila kwa njia ya mdomo. Nami pia, kwa sababu hiyohiyo, sitakuhakikishia hapa kwamba hutamdhuru mtoto wa dada yako. Nadhani unaelewa sasa kwa nini ninakunyima.

Unayemtafuta ni mtu aliyefunzwa tiba ya kukabili hofu na kuzuia tendo, ambayo wataalamu huiita kwa herufi ERP. Ina historia ya kuvutia. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa Hospitali ya Middlesex jijini London, alieleza alivyowatibu wagonjwa wawili ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Mmoja alikuwa mwanamke aliyekuwa akiosha vitu siku nzima. Wauguzi walikaa naye, wakafunga maji ya chumbani mwake na kumpimia sabuni, huku akigusishwa vile alivyoviogopa. Siku hizi hatumfungii mtu bomba. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayekubali kila hatua na ndiye anayejizuia, kama Mama wa Wawili alivyoeleza kwa sukuma wiki yake vizuri kuliko vitabu vyangu. Asiyekueleza kuhusu orodha ya hatua, kuhusu mazoezi ya nyumbani ya kila siku, na kuhusu kuzuia matendo, yakiwemo yale ya kimoyomoyo, huyo hafanyi ERP hata kama ameliandika neno OCD kwenye tangazo lake.

Kuhusu vyeo, daktari wa akili ni daktari wa tiba aliyebobea, naye anaweza kuandika dawa. Jina lake unaweza kulihakiki katika sajili ya baraza la madaktari, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Wanasaikolojia na washauri nasaha wako chini ya bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Uliza nambari ya usajili bila aibu. Lakini usajili unakuonyesha tu kwamba mtu ana haki ya kufanya kazi. Hauonyeshi kwamba anaijua OCD, na wengi wetu tulihitimu tukiwa tumeisoma kwa saa chache. Swali la Mama wa Wawili ni zuri kuliko cheti. Ningeongeza mawili: umetibu wagonjwa wangapi wa OCD kwa njia hii, na utapimaje kama ninapata nafuu? Mjuzi kwa kawaida atakitaja kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa mwaka 1989, chenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 16 hadi 23 ni hali ya wastani, 24 hadi 31 ni kali. Akikupima mwanzoni na kila baada ya wiki chache, mtajua nyote wawili kama pesa yako inafanya kazi.

Kwa upande wa dawa, dada yetu Mama wa Wawili aniwie radhi. Yeye hakuzihitaji, na wapo wengi kama yeye, lakini wapo ambao hofu yao iko juu kiasi kwamba hawawezi hata kuianza hatua ya kwanza, na hao dawa huwafungulia njia. Zinazotumika ni za kundi la fluoksetini na setralini, na ya zamani zaidi ni klomipramini. Mara nyingi OCD huhitaji kiwango cha juu kuliko kile cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na matokeo huchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Kiwango apange daktari, na kuacha pia kupangwe na daktari.

Mahali pa kuanzia kwa gharama ya chini ni kliniki za wagonjwa wa nje katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina Mathari linavyotisha. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1910 na imebeba mizaha ya jiji hili kwa zaidi ya karne moja. Watu wengi huingia pale asubuhi kwa miguu yao, wakaonana na daktari, wakachukua dawa na kurudi kazini. Foleni ndefu, hilo silifichi. Vilevile, vyuo vinavyofundisha saikolojia tiba hapa, kama Chuo Kikuu cha Nairobi, USIU na Daystar, huwa na wanafunzi wa uzamili wanaofanya mazoezi chini ya wasimamizi. Mwanafunzi mwenye msimamizi anayeijua ERP anaweza kukufaa kuliko mtu wa miaka ishirini anayekupa moyo. Kwa wanaoweza kulipa zaidi, shirika la International OCD Foundation la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1986, lina orodha ya wataalamu kwenye tovuti yake, na tiba hii hufanyika vizuri kwa njia ya video. Tena kwako ingekuwa na faida: mtaalamu angekuona ukiwa mlangoni penyewe.

Kuhusu polisi. Mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua pale mtu anapoeleza kusudio la kumdhuru mwingine. Mawazo yanayokuja bila kutakwa, yanayomtia mtu hofu na kumfanya amkimbie yule anayempenda, ni jambo ambalo mwenye ujuzi hulisikia mara kwa mara na hulitofautisha kwa maswali machache. Ndiyo sababu nyingine ya kutafuta mwenye ujuzi, kwa maana asiyeijua OCD anaweza kushtuka, na mshtuko wake ukakuumiza.

Wa South C

Nimesoma kwa makini, kwani ugonjwa wangu ulianzia mahali ambapo sisi Waislamu tuna jina lake tangu zamani. Tunauita wasiwasi wa udhu. Nikiwa na miaka 19 nilikuwa nikitawadha dakika arobaini kwa sala moja, nikirudia uso, nikirudia mikono, nikihisi kwamba kuna mahali pamebaki pakavu, na wenzangu wakishamaliza sala kwa salamu mimi bado niko bombani. Neno wasiwasi lenyewe limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya mnong'ono unaotia shaka, na ndilo lililomo katika Suratun-Nas, sura ya mwisho ya Kurani. Sisi kwa Kiswahili tumelilainisha hadi likawa na maana ya hofu ndogo tu, ndiyo maana mama yake Mhasibu aliweza kucheka. Simlaumu mzazi.

Imamu wetu alinisaidia kuliko nilivyotarajia. Hakunipa dua zaidi ya zile nilizokuwa nazo. Alinikumbusha kanuni ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kwamba yakini haiondolewi na shaka, kisha akaniambia kuwa mwenye maradhi haya anatakiwa aipuuze shaka na aendelee, asirudie. Nilipompata mwanasaikolojia mwaka uliofuata, naye hakuwa Mwislamu, alinipa zoezi hilohilo kwa maneno mengine: tawadha mara moja, kwa birika moja la maji, ondoka huku ukihisi haujakamilika, na sali ukiwa na hisia hiyo. Niliogopa kwamba ananifundisha kuidharau dini. Kwa ruhusa yangu alizungumza na imamu kwa simu, wakakubaliana mipaka ya mazoezi, na tangu hapo sikuwa na pa kujifichia.

Ninamwambia Mhasibu kwamba mchungaji wake anaweza kuwa msaidizi, ila aelezwe. Mwambie asikuombee kila unapomwita kwa ajili ya wazo lile. Akuombee Jumapili pamoja na wengine.

Mume wa Mwalimu

Ninaongeza machache kwa upande wa sisi tunaoishi na mgonjwa, kwa sababu mtaalamu asipowaita wa nyumbani tiba huvuja. Mke wangu ananawa. Mtaani kwetu maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, na kwa muda mrefu nilikuwa nikinunua jerikani sita za ziada kila siku ili asikose, nikijiona mume mwema. Kumbe nilikuwa nikiulipia ugonjwa. Nilikuwa pia nikivua viatu nje ya geti, nikioga kabla ya kumsalimia, na kila usiku nikimjibu maswali yaleyale kwamba chakula kilikuwa safi. Daktari aliponiuliza nihesabu, nilikuta ninamjibu mara thelathini kwa siku.

Hatukuyaacha yote kwa mara moja. Tulikubaliana kwanza kwamba akiniuliza kuhusu chakula nitamwambia, kwa upole, "Hilo ni la ugonjwa, silijibu," na yeye mwenyewe ndiye aliyeyachagua maneno hayo. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za vita. Alinirushia sufuria, ambayo nataka niseme ilikuwa chafu, na hakwenda kuiosha. Tulicheka wote wawili.

Mhasibu, naona unaishi peke yako, lakini dada yako yumo ndani ya jambo hili hata kama hajui.

Mhasibu wa Donholm

Nimesoma kila neno mara kadhaa, na nilipofika mara ya tano nikatambua kwamba sasa ninasoma ili nitulie, nikafunga simu. Nawashukuruni wote, hata Msafiri.

Nina swali moja la vitendo. Kampuni yetu ina bima ya afya. Nikiitumia, je, mwajiri atajua? Na jingine ambalo naona haya kuliuliza: kuna usiku ambao nimewaza kwamba afadhali nisiwepo kuliko kuendelea kuishi na picha ile. Sijui kama hilo nalo ni la OCD.

Mwanasaikolojia wa Ngara

Hilo la pili nalijibu kwanza, na hapa sitakunyima jibu. Usisubiri mtaalamu wa OCD. Mweleze mtu mmoja leo, na wazo hilo likija na nguvu nenda hospitali iliyo karibu usiku uleule, au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, isiyolipishwa. Utakapoonana na mtaalamu, liwe la kwanza kumwambia. Watu wengi wenye OCD hupata sonona kwa kuchoshwa nayo, na sonona hutibika sambamba.

Kuhusu bima, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mwajiri hana haki ya kuonyeshwa unatibiwa nini. Kwa uangalifu zaidi, mpigie simu wakala wa bima, usimpigie mtu wa rasilimali watu, umuulize mambo mawili: kama magonjwa ya akili ya wagonjwa wa nje yamo, na kama vikao vya mwanasaikolojia vinalipwa au ni vya daktari peke yake. Bima nyingi hutaka barua ya daktari kwanza. Kwa hali uliyoieleza sasa ningekushauri uanze na daktari wa akili hata bila suala la bima.

Mama wa Wawili

Kaka, nimeona ujumbe wako. Umempigia mtu? Tujulishe tafadhali.

Mhasibu wa Donholm

Nimempigia dada yangu. Nilikusudia kumwambia habari za usiku tu, nikajikuta nimemwambia na za roshani. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema anakuja, na alikuja kweli, peke yake, akalala kwangu siku mbili. Mtoto alibaki na baba yake. Sijui alifanya hivyo kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtoto, na nimeamua kutomuuliza.

Jumatatu nilionana na daktari wa akili katika kliniki ya umma. Nilifika saa moja asubuhi, nikaingia saa sita. Ameniandikia dawa na barua ya kunipeleka kwa mwanasaikolojia. Nimewapigia simu watu wanne kwa swali la Mama wa Wawili. Watatu walinituliza kabla sijamaliza kuuliza. Wa nne aliniuliza mimi huutazama mtungi mara ngapi, nilipomjibu akaniuliza tena mara ngapi kwa macho na mara ngapi kwa kumbukumbu, na hilo la kumbukumbu hakuna aliyewahi kuniuliza. Anatoza shilingi 4,500, na amekubali tuanze kwa wiki nane kisha tupime.

Kikao cha kwanza ni Alhamisi saa kumi jioni. Nilimuuliza kama nizifute zile picha za mtungi ili nifike nikiwa nimeanza vizuri. Akasema nisizifute, nije nazo.